UZI: Daktari kaandika, nesi kachoma. Dozi ikiua anajibu nani?

Kalamu ya Wodi (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa la afya, habari za majukumu. Kuna sentensi inasikika kila wodi hapa Tanzania: "Mimi niliagizwa." Wauguzi wengi wanaamini sentensi hiyo ni kinga. Nataka tuichambue kwa mfano mmoja, kisha wanasheria waliomo humu watusaidie.

Mgonjwa ameharisha siku tatu, potasiamu imeshuka hadi 2.6. Daktari wa zamu anaandika kwenye faili: "KCl 20 mmol IV stat", yaani kloridi ya potasiamu, kipimo cha mmol 20, mshipani, sasa hivi. Hakuandika ichanganywe na nini, wala iende kwa muda gani. Nesi anavunja ampuli ya asilimia 15, ya mililita 10, anavuta kwenye sirinji, anasukuma kwenye kanyula, ule mrija mdogo ulio mshipani. Moyo unasimama.

Angalieni hesabu. Ampuli hiyo moja ndiyo mmol 20 kamili, kwa hiyo kwenye karatasi nesi ametoa kilichoandikwa. Lakini KCl ya ampuli haisukumwi kwenye mshipa hata siku moja, na hilo muuguzi anafundishwa chuoni kabla hajapewa leseni. Inachanganywa kwanza: mmol 20 kwenye mililita 500 za normal saline (dripu ya maji ya chumvi), ili mkusanyiko usizidi mmol 40 kwa lita kwenye mshipa wa mkono. Baada ya kuingiza dawa, chupa inapinduliwa juu chini mara kadhaa, maana KCl ni nzito kuliko maji ya dripu na hutuama karibu na mdomo. Ukiiingiza kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia na usiitikise, mgonjwa anapata dozi kali mwanzoni na maji matupu mwishoni. Mwendo usizidi mmol 10 kwa saa kama hakuna mashine ya kufuatilia moyo, kwa hiyo chupa hiyo iende kwa saa 2 au zaidi. Na kabla ya yote unauliza: anakojoa?

Msimamo wangu: daktari atajibu kwa kuandika agizo lenye mapengo, na nesi atajibu kwa kulitekeleza hivyo hivyo. Kosa la mmoja halifuti la mwingine. Karibuni.

Wakili wa Pembezoni

Mleta uzi, umeanza vizuri. Niongezee kwamba kosa moja linaweza kumpeleka muuguzi kwenye milango minne tofauti, na kushinda kwenye mmoja hakumaanishi umeshinda kwenye mingine. Watu wanachanganya hapa.

Mlango wa kwanza ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza haliulizi kama mgonjwa alipwe. Linauliza kama wewe unafaa kuendelea kuwa muuguzi. Linaweza kukuonya, kukusimamisha, au kufuta jina lako kwenye rejesta. Mgonjwa anaweza asidhurike kabisa na bado ukakutwa na hatia ya utovu wa maadili, kwa mfano umefanya kazi leseni ikiwa imekwisha muda.

Wa pili ni mwajiri: barua ya kujieleza, kamati ya nidhamu, pengine kufukuzwa. Kwa aliye sekta binafsi, ukiona umeachishwa isivyo haki una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanazimaliza siku hizo wakizunguka kwa wakubwa kuomba msamaha. Mtumishi wa umma ana njia yake ya rufaa ndani ya utumishi, na lazima aimalize kwanza.

Wa tatu ni kesi ya madai. Hapa mgonjwa au familia inataka fidia, na mdai lazima athibitishe mambo manne: kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba uliukiuka, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yapo kweli. Likikosekana moja, kesi inaanguka.

Wa nne ni jinai, na ndio unaotisha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 195, inazungumzia kuua bila kukusudia, na kutotenda kunaingia humo ikiwa ni uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu. Kifungu cha 198 kinaruhusu adhabu mpaka kifungo cha maisha. Mgonjwa asipokufa kipo kifungu cha 233, kinachogusa moja kwa moja kutoa matibabu au dawa kwa uzembe unaohatarisha maisha. Kizingiti cha jinai kiko juu: upande wa mashtaka uthibitishe pasipo kuacha shaka, wakati kwenye madai inatosha uwezekano kuelemea upande mmoja.

Mfano wako wa KCl unaweza kufungua milango yote minne kwa siku moja.

Sindano Salama

Wakili, swali la haraka. Fidia analipa nesi au hospitali?

Wakili wa Pembezoni

Mdai anaweza kuwashtaki wote, lakini kwa kawaida anayelipa ni mwajiri, maana sheria inambebesha makosa ya mwajiriwa aliyoyafanya akiwa kazini. Haikuwa hivyo tangu zamani. Uingereza, kesi ya Hillyer ya mwaka 1909 ilisema hospitali haibebi makosa ya manesi wakiwa ndani ya chumba cha upasuaji. Msimamo huo ulibomoka polepole, na kufikia Cassidy mwaka 1951 hospitali ilibeba makosa ya watumishi wake wote waliomhudumia mgonjwa yule. Cassidy ni ya baada ya tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika, kwa hiyo mahakama zetu huitazama kama mwongozo, hazifungwi nayo.

Hospitali ikiwa ya serikali, mdai anatoa kwanza taarifa ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi.

Tahadhari: kinga hiyo ni ya kazi ya mwajiri. Ukienda kumtundikia jirani dripu nyumbani jioni kwa malipo yako, hapo uko peke yako.

Nesi Mpya wa Cheti

Shikamooni wakubwa. Naomba kueleweshwa. Mimi nimetoka chuo, daktari ana miaka kumi kazini. Nikatae agizo lake? Si nitaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu?

Kalamu ya Wodi

Marahaba mdogo wangu. Neno "kukataa" ndilo linalotisha, lakini sheria haikuombi ugombane na mtu. Inakuomba usitoe dawa unayojua, au ungepaswa kujua, kwamba itadhuru, na utafute ufafanuzi haraka.

Usianze kwa kumwambia daktari amekosea. Mpigie ukisema unachokiona: "Daktari, naona KCl 20 mmol, haikuandikwa mchanganyiko wala muda. Niweke kwenye mililita 500 iende kwa saa mbili?" Asilimia kubwa ya makosa yanaishia hapo kwa heshima kabisa, na daktari mwenye akili anashukuru. Mwombe aje aandike upya. Kama hawezi kufika, liandike agizo la simu neno kwa neno, msomee tena alithibitishe, andika jina lake na saa, na ikiwezekana mwenzako asikilize pia. Naye asaini akifika, kwa muda ambao utaratibu wa hospitali yenu unasema. Kwa dawa za hatari kama KCl, insulini, heparini na za usingizi, kuna hospitali zisizoruhusu agizo la simu kabisa, na ni busara.

Aking'ang'ania "choma kama nilivyoandika", huchomi. Unamwambia utamshirikisha inchaji wa zamu, unampigia inchaji, kisha daktari mkuu wa zamu. Na unaandika kwenye faili: saa ngapi umempigia nani, kasema nini, dawa haijatolewa kwa sababu gani. Bila matusi wala kejeli. Mgonjwa unaendelea kumhudumia wakati wote huo, maana kusimamisha dawa moja siyo kumtelekeza.

Mfamasia Mzee

Naunga mkono. Na niseme la upande wetu: hospitali inayoacha ampuli za KCl kwenye droo moja na za maji ya kuchanganyia sindano inajitengenezea kesi. Zikae mahali pake peke yake, zimebandikwa lebo ya onyo, na kila inapotolewa watu wawili wakague. Wakili wa mdai akijua kazi yake, swali la kwanza atakalouliza ni ampuli ilikaa wapi.

Marekani ilitokea kesi iliyotikisa wauguzi dunia nzima. Nashville, Tennessee, Desemba 2017, muuguzi alitaka dawa ya kutuliza wasiwasi, kabati la dawa linaloendeshwa kwa kompyuta likampa vecuronium, dawa inayolemaza misuli ya kupumua. Mgonjwa alifariki. Mwaka 2022 mahakama ilimtia muuguzi hatiani kwa mauaji ya uzembe wa jinai, akapewa miaka 3 ya uangalizi bila kwenda jela. Hoja iliyomwelemea ni kwamba alipita maonyo mengi bila kusoma, na kwenye kizibo cha vaili yenyewe paliandikwa kwamba ni dawa ya kupooza. Wauguzi wengi kule waliona ameonewa, kwamba mfumo wa hospitali ulikuwa mbovu. Mimi naona yote mawili ni kweli.

Mkunga wa Kata

Jamani msisahau wodi ya wazazi, huko ndiko kesi zinakotoka.

Tuchukue magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni gramu 4 za mkusanyiko wa asilimia 20, polepole kwa dakika 5. Ampuli tulizonazo ni za asilimia 50. Kwa hiyo unavuta mililita 8 za dawa, unaongeza mililita 12 za maji safi ya sindano, unapata mililita 20. Kosa linalojirudia ni mtu kusukuma ya asilimia 50 bila kuichanganya. Kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, na baada ya hapo gramu 5 kila saa 4.

Kabla ya kila dozi inayofuata unapima vitu vitatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti lirushe mguu ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa zile saa nne. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe pembeni ya kitanda. Sio kabatini, na ufunguo usiwe kwa mtu aliyekwenda chai.

Sasa upande wa sheria. Mama akiacha kupumua na kwenye chati hakuna pumzi, goti wala mkojo vilivyoandikwa kabla ya dozi, utasimama na nini? Unaweza kuwa ulipima kweli. Mahakama haina njia ya kujua.

La pili ni partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, njia ya uzazi kila saa 4. Nafasi tupu ya saa tatu kwenye mapigo ya mtoto ni ushahidi dhidi yako. Lakini kuna kibaya zaidi ya nafasi tupu: kuijaza baada ya mama kujifungua. Inajulikana. Wino ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwandiko haujabadilika wakati zamu imebadilika, mapigo ni 140, 140, 140 kama yamepigwa muhuri. Uzembe unageuka kuwa kughushi, na hapo huna wa kukutetea.

Wakili wa Pembezoni

Mkunga amegusa kitu ambacho wengi hawakijui. Kesi ya madai ya uzembe ina ukomo wa miaka 3. Lakini mtoto hahesabiwi muda huo mpaka afikishe miaka 18. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa amechoka leo, akabaki na mtindio wa ubongo, anaweza kudai hata zaidi ya miaka 18 baadaye, na hakimu atataka kuiona partografu ya leo. Wewe utakuwa umeshastaafu au umehama mkoa mara nne. Kitakachozungumza ni ile karatasi.

Mzalendo wa Zamu

Wakuu mnaongea kama tuko Ulaya. Usiku nesi mmoja, wagonjwa 40, dripu zinaisha, mmoja anatapika, mwingine anajifungua kwenye korido. Mapigo ya kila nusu saa atapima kwa mikono ipi? Halafu kesi iende kwake! Huu ni uonevu.

Kalamu ya Wodi

Ndugu, uchungu wako ni wa haki na sitaupuuza. Wingi wa wagonjwa ni hoja halali, ila inatakiwa iwepo kwenye maandishi kabla mambo hayajaharibika. Ukiisema baada ya kifo inasikika kama kisingizio.

Ukiingia zamu ukakuta uko peke yako, andika kwenye kitabu cha ripoti: "Saa 2:00 usiku, wagonjwa 40, muuguzi 1, wahudumu 1. Waliozidiwa: vitanda 3, 11 na 26. Inchaji amearifiwa kwa simu saa 2:10." Mistari mitatu tu. Kisha panga nani anatangulia, na uandike umepanga hivyo. Mtu anayeamua kukaa na mgonjwa wa kitanda 11 kwa sababu ana hali mbaya kuliko wote, na ameandika, anatofautiana mbali na mtu ambaye haijulikani alikuwa wapi.

Wakili wa Pembezoni

Na kisheria kipimo ni muuguzi wa kawaida mwenye ujuzi wa ngazi yako, akiwa kwenye mazingira yale. Tangu kesi ya Bolam mwaka 1957, swali ni kama wataalamu wenye busara wa fani hiyo wangeona ulichofanya kinakubalika. Hakuna anayedai ufanye miujiza. Ila ile ripoti ya mistari mitatu inahamisha swali kutoka kwako kwenda kwa mwajiri: aliarifiwa saa 2:10, akafanya nini?

Kuna kesi nyingine napenda wauguzi waijue, Barnett, ya mapokezi ya hospitali moja London asubuhi ya mwaka mpya 1966. Walinzi watatu walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakafika mapokezi. Nesi alimpigia simu daktari wa zamu akamweleza. Daktari akajibu waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa; chai ilikuwa na aseniki. Mahakama ilisema daktari alikiuka wajibu kwa kutowaona, ila mdai akashindwa kwa sababu hata angelazwa, tiba isingemwahi. Nesi alikuwa ametimiza lake: alipiga, alieleza.

Nesi wa Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na Baraza la Uuguzi la Kenya, na mambo mengi yanafanana. Nataka tu kuongeza la dharura. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hivyo nesi wa mapokezi akimwambia majeruhi "lipa kwanza ndipo tukuguse" kwa sababu keshia ndiye aliyesema hivyo, asidhani keshia ndiye atakayejibu. Zuia damu, fungua njia ya hewa, weka kanyula. Mambo ya pesa wazungumze wengine.

Kalamu ya Wodi

Asante dada. Na huku kwetu linafanana na suala la PF3. Ile fomu ya polisi ni ya ushahidi. Mtu anayevuja damu anahudumiwa kwanza, fomu inafuata.

Sindano Salama

Naomba mtu aweke mfano wa maandishi mazuri. Tunaambiwa "andika vizuri" lakini hatuonyeshwi.

Kalamu ya Wodi

Haya. Maandishi mabaya ni haya: "Mgonjwa alibadilika hali, daktari aliarifiwa, alipewa huduma." Hayana saa, hayana namba, hayana jina.

Mazuri:

"10:10 usiku. Analalamika kifua kubana. Mapigo 118, pumzi 28, presha 90/60, oksijeni 91%. 10:12 kichwa cha kitanda kimeinuliwa, oksijeni lita 5. 10:13 daktari wa zamu amepigiwa, hakupokea. 10:16 amepigiwa tena, hakupokea. 10:18 inchaji wa zamu amearifiwa. 10:21 daktari amepokea, ameelezwa vipimo vyote, amesema anakuja. 10:34 amefika." Kisha jina kamili, cheo, sahihi.

Ukikosea neno, piga mstari mmoja juu yake lisomeke, andika saa na sahihi. Usifute kwa rangi nyeupe, usichane ukurasa. Ukisahau kitu, kiongeze baadaye ukiandika wazi "nyongeza iliyochelewa" na saa halisi unayoandika. Usimsainie mwenzako, na usisaini dawa kabla hujaitoa. Hilo la kusaini chati nzima mwanzo wa zamu ndilo ugonjwa wetu mkubwa: mgonjwa anafariki saa 8 usiku, chati inaonyesha alimeza dawa ya saa 12 asubuhi.

Mkunga wa Kata

Na ridhaa ya upasuaji jamani. Kazi ya kueleza hatari na njia mbadala ni ya anayekwenda kupasua. Sahihi yako kama shahidi inamaanisha umemwona mgonjwa akisaini kwa hiari. Mama akikwambia "sijui wanakwenda kunifanya nini", usimbembeleze asaini. Mrudishe daktari.

Mfamasia Mzee

Na magrupu ya WhatsApp! Picha ya kidonda hata bila sura, ikiwa na kitambulisho cha kitanda au chale inayojulikana, ni taarifa ya mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zinalindwa kuliko za kawaida. Hali ya VVU ina ulinzi wake tangu sheria ya mwaka 2008.

Nesi Mpya wa Cheti

Nimejifunza mengi, asanteni sana. La mwisho: kosa likishatokea, ile saa ya kwanza nifanye nini?

Kalamu ya Wodi

Mgonjwa kwanza. Simamisha dawa, usitoe kanyula, utaihitaji kwa dawa ya kuokoa. Ita msaada kwa sauti. Mwambie daktari ukweli wote hapo hapo, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, maana ukificha dakika kumi anaweza kumtibu kitu kingine kabisa.

Hali ikitulia, ampuli, sirinji, chupa ya dripu na mpira wake usivitupe. Viweke kwenye mfuko safi, andika jina la mgonjwa na saa, mkabidhi inchaji mbele ya mtu wa tatu. Namba ya toleo iliyo kwenye ampuli inaweza kuonyesha kwamba lebo ndiyo iliyokosewa kiwandani. Kwenye faili andika kilichotokea na ulichofanya. Fomu ya tukio ni karatasi nyingine, haibandikwi kwenye faili la mgonjwa. Familia iambiwe na daktari pamoja na kiongozi wa wodi, siyo wewe peke yako koridoni.

Wakili wa Pembezoni

Na ukiombwa maelezo ya maandishi, omba muda uyaandike ukiwa umetulia, baada ya kulisoma faili hapo hapo ofisini. Usilipeleke nyumbani, usilipige picha. Andika ulichoona na ulichofanya wewe, siyo unachodhani mwenzako alifanya. Baki na nakala ya maelezo yako. Polisi wakikuita, mwambie ndugu yako na mwambie wakili kabla hujaandika chochote, na mpigie kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi siku hiyo hiyo.